MKANDA UFUNGAO ROBOTA: JINSI MITAMBO INAVYOFUNGA BIDHAA, NA JINSI YA KUUKATA MKANDA BILA KUUMIA

Wasomaji wengi wamepata kuona robota la nguo za mitumba likishushwa kutoka katika lori sokoni. Aghalabu robota kama hilo lina uzito wa kilo 45, nalo limeshindiliwa hata likawa gumu kama gogo. Lakini likifunguliwa, nguo zilizomo huinuka na kuenea, na mwenye duka akijaribu kuzirudisha zote katika gunia lile lile hawezi kabisa. Ni kitu gani, basi, kilichozizuia safari yote ya baharini hata zikafika salama? Ni mikanda michache tu, ambayo upana wa kila mmoja hauzidi sana upana wa kidole.

Katika habari hii tutaeleza kazi ya mkanda huo, jinsi mtambo unavyoufunga, na jinsi mtu anavyopasa kuukata. Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu kila mwaka watu katika nchi nyingi huumia mikono na macho kwa kutolijua.

KAZI YA MKANDA

Wazee wa pwani walifunga mizigo ya majahazi yao kwa kamba za usumba, na mafundi wa mapipa walizishika mbao zao kwa pete za chuma. Maana ya kazi zote mbili ni moja: kitu chenye vipande vingi hufanywa kuwa kitu kimoja, kipate kuchukuliwa bila kutawanyika.

Lakini kamba ina upungufu wake. Hunyumbuka, hulegea inapokauka, na fundo lake hukazwa kwa nguvu za mkono tu. Kwa hiyo biashara ya pamba ilipokua katika karne ya 19, wafanya biashara wa Marekani walianza kuacha kamba na kufunga marobota yao kwa mikanda ya chuma. Hata leo robota la pamba la Marekani lina uzito wa kilo 218 hivi za pamba tupu, na lile la mkonge wa Afrika ya Mashariki kwa desturi ni kilo 250. Mizigo ya namna hiyo haiwezi kutegemea fundo la mkono.

Yafaa kufahamu kwamba si mkanda unaolishindilia robota. Kazi hiyo ni ya shinikizo, yaani mtambo wenye bamba zito ambalo husukumwa kwa nguvu ya mafuta yaliyofungiwa ndani ya bomba. Bamba hukandamiza pamba au nguo, na hewa iliyokuwamo hutoka. Wakati bamba lingali limekandamiza, mikanda huzungushwa na kufungwa. Kisha bamba huinuliwa. Papo hapo mzigo hutaka kurudi katika ukubwa wake wa kwanza, lakini mikanda huuzuia. Tangu saa ile nguvu ya shinikizo imehamia katika mikanda, nayo hukaa humo mchana na usiku mpaka siku ya kukatwa. Msomaji alikumbuke neno hili, maana ndilo asili ya faida ya mkanda na ya hatari yake pia.

MKANDA WA CHUMA

Kufunga mkanda wa chuma cha pua kwa mkono kuna hatua tatu. Kwanza, mkanda huzungushwa mzigo, na ncha zake mbili hulazwa moja juu ya nyingine. Pili, mfanya kazi huzitia katika chombo chenye wenzo, na kila avutapo wenzo mkanda hukaza kidogo zaidi, wala haurudi nyuma. Tatu, kibanio cha bati huvishwa juu ya ncha zile na kuminywa kwa koleo maalum mpaka bati na mikanda vikashikana. Kampuni ya Signode, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1913, ni mojawapo ya zile zilizopata jina kubwa kwa vyombo vya kazi hii.

Chuma hakinyumbuki ovyo, na kwa hiyo chafaa kwa mabomba, mbao nzito na vyuma vingine. Lakini hupata kutu, na kutu ikigusa nguo au pamba huacha madoa yanayopunguza bei. Tena kingo zake ni kali kama za kisu.

MKANDA WA PLASTIKI NA MTAMBO WAKE

Mwaka 1954 Giulio Natta, mtaalamu wa Italia, alifaulu kutengeneza plastiki iitwayo polipropilini, na mwaka 1963 yeye na Karl Ziegler wa Ujerumani walipewa tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wao katika elimu hiyo. Plastiki hii ni nyepesi, haipati kutu, na huyeyuka katika joto la digrii 160 hivi. Sifa hii ya kuyeyuka ndiyo iliyowawezesha mafundi kutengeneza mtambo unaofunga mizigo pasipo kibanio.

Mtambo huo una meza, na juu ya meza limesimama tao kama mlango mdogo. Mkanda umeviringishwa katika gurudumu kubwa, kama uzi wa cherehani katika kijiti chake. Mfanya kazi huweka sanduku au furushi la magazeti chini ya tao, kisha hubonyeza kitufe. Mtambo husukuma mkanda, nao hupita ndani ya tao, huzunguka mzigo na kurudi ulikotoka. Hapo ncha yake hushikwa. Magurudumu madogo huuvuta mkanda kwa nyuma mpaka ukabana. Bamba lenye moto huingia katikati ya tabaka mbili za mkanda na kuziyeyusha usoni tu. Bamba hutoka, tabaka hugandamizwa pamoja, na kisu hukata mkanda unaobaki. Plastiki hupoa na kuwa kitu kimoja. Kazi hii yote huchukua sekunde chache tu.

Mitambo mingine haina bamba la moto. Huzisugua tabaka mbili kwa kasi kubwa mpaka zikayeyuka zenyewe, kama vile viganja vyako vinavyopata joto ukivisugua wakati wa baridi.

Wahenga walisema, kamba hukatikia pembamba. Katika mkanda, mahali pembamba ni kiungo. Moto ukipungua, tabaka hazishikani. Ukizidi, plastiki huungua na kudhoofika. Kwa hiyo fundi mwema hujaribu kiungo cha kwanza kila asubuhi kabla ya kuanza kazi ya siku.

KUKAZA KWA KADIRI

Wengine hudhani kwamba mkanda uliokazwa zaidi ndio bora. Sivyo. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hukata pembe za sanduku la karatasi na kuponda vilivyomo. Mkanda uliolegea nao huteleza njiani, na mzigo hufumuka. Dawa yake ni kukaza kwa kadiri ya mzigo wenyewe, na kuweka vipande vya karatasi ngumu penye pembe.

Kadhalika, yafaa kuchagua mkanda ufaao. Polipropilini hunyumbuka polepole na kupoteza nguvu ikikaa siku nyingi, na jua kali huiharibu. Mkanda wa poliesta, plastiki ile ile ya chupa za soda, hushika nguvu yake kwa muda mrefu zaidi. Mingi ya mikanda hiyo hutengenezwa kwa chupa zilizokwisha kutumiwa.

HATARI ILIYOMO

Mwandishi wa habari hii alikuwa siku moja katika ghala mjini Nairobi. Kijana mmoja alisimama mbele ya robota, akainua panga ili akate mkanda. Mzee mchukuzi akamshika bega, akasema, “Mwanangu, umesimama mahali pabaya.”

Kijana akajibu, “Mzee, huu ni mkanda wa plastiki tu.”

“Ndiyo, ni plastiki. Lakini hauna macho, nawe unayo mawili tu.”

Mzee alimwondoa pale, akasimama ubavuni mwa robota, akaukata mkanda kwa mkasi mkubwa. Ncha yake iliruka ikapiga ubao wa mlango, ikaacha alama. Alama ile ilikuwa juu kadiri ya uso wa yule kijana. Hakusema neno; alilitua panga chini.

Basi, kila mtu afunguaye mizigo hana budi kufuata mambo haya:

Kwanza, vaa miwani ya kukinga macho na glavu nene.

Pili, tumia mkasi wa kazi hiyo. Usitumie panga, shoka wala patasi.

Tatu, simama ubavuni, pasipo njia ya mkanda utakaporuka, na uwaondoe watu wote waliopo mbele, hasa watoto.

Nne, tazama kwanza kama mzigo umekaa imara, usije ukaporomoka baada ya mkanda kukatika. Kata mkanda mmoja mmoja.

Tano, usinyanyue mzigo kwa kushika mkanda, wala usitie kulabu ndani yake. Mkanda umewekwa kufunga, si kuchukua.

Mwisho, usiiache mikanda iliyokatwa chini. Hunasa miguu ya wapitao, na ikifika malishoni ng'ombe huweza kuimeza na kufa. Ikusanye. Wako wasusi wengi wanaosuka vikapu imara kwa mikanda hiyo, nao wataifurahia.

Mkanda ni kitu kidogo, na bei yake ni ndogo. Lakini nguvu za shinikizo zima zimo ndani yake, zikingoja siku ya kufunguliwa. Akumbukaye hayo kabla ya kukata atarudi nyumbani jioni na macho yake yote mawili.