Jino Limetoka, Mfupa Nao Unaondoka

Jino likishang'olewa na damu ikakata, wengi wetu huona kazi imekwisha. Kumbe ndani ya taya ndiyo kwanza imeanza. Ukingo wa mfupa ulioshika mizizi ya jino upo kwa ajili ya jino hilo tu. Likiondoka, mwili huanza kuuyeyusha. Watafiti wa Denmark walichapisha vipimo mwaka 2003 vikionyesha kwamba ndani ya miezi 12 upana wa ukingo huo hupungua kwa takriban nusu, na sehemu kubwa ya upungufu hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Wakati huohuo meno ya jirani hulalia pengo, na jino la taya la pili, likikosa la kuumana nalo, huchomoza polepole.

Dawa ya bei nafuu ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua: kibao chembamba cha akriliki chenye rangi ya fizi, na kulabu za waya za kushikilia meno yaliyobaki. Hayahitaji upasuaji na hutengenezwa haraka. Ila hukalia fizi, na mfupa chini yake huendelea kuisha, kwa hiyo yaliyobana vizuri mwaka huu huja kucheza mdomoni baadaye. Usiku yavuliwe, yaoshwe, yalowekwe majini.

Daraja halivuliwi. Meno mawili yanayopakana na pengo huchongwa pande zote, yakavishwa kofia, na jino la bandia likashikiliwa katikati. Kama meno hayo tayari yamezibwazibwa, sawa. Kama ni mazima, binafsi naona ni bei kubwa mno, kwa sababu gamba la jino likichongwa halioti tena. Kwa jino la mbele lipo daraja la mabawa, linalogundishwa nyuma ya jirani bila kuchonga sana, na linastahili kutajwa na madaktari mara nyingi zaidi.

Njia ya tatu ni kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayokazwa ndani ya mfupa ili ibebe jino la bandia, nacho kilianzia kwa sungura. Mwaka 1952, mjini Lund, Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa kwa kutumia kifaa cha titani alichokichomeka mguuni mwa mnyama huyo. Alipotaka kukitoa, hakikutoka: mfupa ulikuwa umeshikana nacho. Titani ikikutana na hewa hujivika mara moja utando mwembamba sana wa oksidi, na seli za mfupa hujenga juu ya utando huo bila kuukataa. Mwaka 1965 Brånemark alimwekea vipandikizi Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki mwaka 2006, vikiwa bado vinafanya kazi. Hata hivyo madaktari wengi walimtilia Brånemark shaka hadi ushahidi wake ulipokubaliwa katika mkutano wa wataalamu mjini Toronto mwaka 1982.

Kazi yenyewe ni ya subira. Baada ya sindano ya ganzi, mfupa hutobolewa taratibu huku ukimwagiwa maji, kwani ukifika nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu huanza kuharibika. Skrubu ya titani hukazwa humo, kisha kwa kawaida husubiriwa miezi 3 hadi 6 kabla ya kuvikwa jino. Mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wana hatari kubwa zaidi ya kukipoteza. Kijana asubiri amalize kukua, maana taya hukua na kukiacha kipandikizi nyuma. Tena jino la asili limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi zinazohisi hata chembe ya mchanga kwenye wali. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, kwa hiyo hutafuna vizuri lakini hakihisi kama jino.

Lipo pia chaguo lisilouzwa, nalo ni kuliacha pengo. Mwaka 1981 Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alitetea hoja kwamba mtu anaweza kuishi vizuri bila magego makubwa yote. Hoja hiyo ilipimwa Tanzania. Paulo Sarita na wenzake walichunguza mamia ya watu wazima waliopoteza magego, na mwaka 2003 wakaeleza kwamba wenye magego madogo yote pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayoumana walitafuna vya kutosha. Waliosumbuka sana, hasa kwa vyakula vigumu, ni wale ambao hata magego madogo yanayoumana yalikuwa yamebaki jozi mbili au pungufu. Kwa hiyo daktari anayemwambia mtu aliyepoteza gego la nyuma kabisa arudi nyumbani bila kuwekewa kitu hajamnyima tiba, ilimradi amekagua kwanza meno yapi yaliyobaki bado yanakutana.