Wa pwani apandapo mlima wa theluji

Mnamo Mei 1848, Johannes Rebmann, mmishonari wa Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita "baridi" tu. Ulaya walimcheka.

Hamu ya vilele haijaisha. Mnamo Mei 2022 James Kagambi, akiwa na miaka 62, alikuwa Mkenya wa kwanza kufika juu ya Everest, mita 8,849. Miaka miwili baadaye Cheruiyot Kirui aliujaribu bila mtungi wa oksijeni. Hakurudi.

Mkazi wa kisiwani ana hatari yake. Akipanda basi Mombasa jioni, kesho yake anaweza kuwa lango la Sirimon, Mlima Kenya, juu ya mita 2,500. Huko ndiko maradhi ya mwinuko huanzia: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi. Wengi husema ni uchovu wa safari, wakameza Panadol, wakaendelea kupanda. Kukimbia Mama Ngina kila alfajiri huimarisha miguu (jambo jema), lakini hakuzuii maradhi haya.

Ukivuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila siku ya tatu au ya nne upumzike. Mwone daktari kabla ya safari, hasa ukiwa na ugonjwa wa moyo au mapafu.

Anayehema hata akiwa amekaa, huenda maji yameingia mapafuni. Anayepepesuka kama mlevi, huenda ubongo umevimba. Ateremshwe usiku huo huo, wala asiachwe ashuke peke yake.