Askari wa Bati na Vita vya Mezani

Vita vya mezani ni mchezo ambao wachezaji hupanga majeshi ya sanamu ndogo juu ya meza yenye vilima, mito na vijiji vya kuigiza, kisha huyaendesha kwa zamu, huku umbali ukipimwa kwa futikamba na matokeo ya mapigano yakiamuliwa kwa kanuni zilizoandikwa na kwa kurusha dadu. Wanaochagua vita vilivyopiganwa kweli hulazimika kuwa wachoraji na watafiti kwa pamoja.

Asili ya mchezo huu ni mbili. Katika karne ya 18 mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, akiwamo Johann Gottfried Hilpert, walisubu askari bapa wa bati, na mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za kuwafunza maofisa mbinu za vita juu ya ramani. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells, katika kitabu chake Little Wars, aliwapa raia wa kawaida kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea.

Siku hizi sanamu hutengenezwa kwa plastiki, rezini au mchanganyiko wa metali wenye bati. Zenye kimo cha takriban milimita 28 hupendwa kwa sababu nyuso na vifungo vyake huonekana, ilhali za milimita 6 huwezesha jeshi zima kuenea mezani. Mchoraji hukwangua kwanza mabaki ya kalibu, akaosha sanamu na kuipaka rangi ya kwanza ya kushikiza nyingine. Kwa kuwa mwili mdogo hivyo hautoi kivuli cha kutosha, kivuli chenyewe huchorwa: rangi iliyokoza, ikizimuliwa kwa maji, hutiririka na kutuama katika mikunjo ya koti, kisha rangi nyepesi hupitishwa kwenye kingo zilizoinuka, na mwisho hupakwa vanishi ili vidole visiichubue.

Mwanahistoria anaweza kueleza jinsi kikosi kilivyosonga mbele bila kutaja rangi ya kola zake, lakini mchoraji hawezi kuiacha kola bila rangi; hana budi kuuliza. Ulazima kama huo ulimfanya ofisa Mwingereza William Siborne, alipokuwa akitengeneza mfano wa uwanja wa mapigano ya Waterloo ulioonyeshwa London mwaka 1838, kuwaandikia maofisa walionusurika akiwauliza vikosi vyao vilisimama wapi, na majibu yao yamebaki kuwa hazina ya watafiti.

Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, katika vita vya Waingereza na Wajerumani Afrika Mashariki, yanadai uangalifu uleule. Atakayepanga Waingereza upande mmoja na Wajerumani upande wa pili atakuwa amekosea, kwani sehemu kubwa ya jeshi lililotua ilikuwa ya Wahindi, wengi wakiwa na vilemba, na wengi wa walioipigania Ujerumani walikuwa askari wa Kiafrika waliovaa tarbushi zilizofunikwa kitambaa cha kaki. Hata hivyo, kanuni za mezani huhesabu zaidi bunduki na mizinga, hivyo wapagazi waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi katika vita hivyo vya Afrika Mashariki hawaonekani kwa urahisi, na mchezaji makini hana budi kuwatafuta vitabuni.