Njaa Isiyotii Homoni

Mtoto mwenye ugonjwa wa Prader-Willi huzaliwa mlegevu, kilio chake hafifu. Akiwekwa titini hunyonya mara mbili tatu akachoka, na wengi hulishwa kwa mpira unaopitishwa puani. Miaka kadhaa baadaye mtoto huyohuyo hashibi, hata kabati la chakula hutiwa kufuli. Chanzo ni jeni za upande wa baba, kwenye kromosomu ya 15, zisizofanya kazi. Wengi huitupia lawama grelini, homoni ya njaa itokayo tumboni, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, kwa kuwa wagonjwa hawa wanayo nyingi. Lawama hiyo naiona nyepesi mno. Vipimo kadhaa vimeikuta grelini iko juu hata kwa wachanga, wakati ambao kumnyonyesha mtoto ni kumbembeleza. Wapo wanaojibu kwamba grelini ina sura mbili, moja ikiamsha njaa na nyingine ikiituliza, na kinachoharibika ni uwiano wake. Hoja ina uzito, lakini livoletide, dawa iliyoundwa kuiga ile inayotuliza, ilishindwa kwenye majaribio mwaka 2020. Na octreotide, inayoteremsha grelini, haikupunguza ulaji. Tumbo linapeleka ujumbe tu. Anayeusoma vibaya ni haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, usingizi na ukuaji.

Na kwa kuwa ukuaji nao uko chini ya haipothalamasi, kazi iliyofanyika Stockholm ina thamani kubwa kuliko inavyotajwa. Katika taasisi ya Karolinska, Ann Christin Lindgren, Martin Ritzén na wenzao waliwapa watoto hawa sindano za homoni ya ukuaji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha mafuta yakipungua, misuli ikiongezeka na kimo kikipanda. Atauliza mtu: kuna faida gani, ikiwa njaa yenyewe haikutibiwa? Faida ipo, kwa sababu unene hautokani na njaa peke yake. Mnamo umri wa miaka miwili uzito huanza kupanda kabla hamu ya kula haijaongezeka, kwani mwili wenye misuli michache hutumia nishati kidogo. Mzazi anayesubiri kuona ulafi atakuwa amechelewa. Dalili itatangulia kwenye mchoro wa uzito katika kadi ya kliniki. Basi mchanga mlegevu asiyeweza kunyonya asiachwe kwa kudhaniwa mvivu, wala mama yake asiambiwe hana maziwa: apelekwe kwa daktari wa watoto, na kipimo cha jeni kiombwe mapema.