Klabu za Shuleni: Kazi Yake na Faida Yake

Leo twataka kuzungumza habari za vyama wanavyoviunda wanafunzi wa sekondari kwa ajili ya saa za baada ya masomo, ambavyo shuleni huitwa klabu. Tumechagua Ubaruku, katika wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, iwe mfano wetu. Huko watu wengi ni wakulima wa mpunga, na mkulima wa mpunga ajua sana thamani ya saa moja ya mchana. Kwa hiyo huko ndiko swali letu lilikoumana na maisha ya watu: je, yafaa mtoto akae shuleni kwa ajili ya klabu, hali kazi yamngoja nyumbani?

Kwanza tuliondoe tatizo la neno lenyewe. Katika vijiji vyetu vingi mtu akitaja kilabu, watu hufahamu mahali panapouzwa pombe. Basi mtoto akichelewa kurudi, naye akajibu, "Baba, nilikuwa klabuni," si ajabu babaye akikunja uso. Klabu tunayoisema sisi ni kundi la wanafunzi waliokubaliana kufanya kazi moja kwa hiari yao, wenye sheria zao, viongozi wao waliowachagua wenyewe, na mwalimu mmoja aitwaye mlezi. Hapana zaidi ya hayo.

Klabu hizi ni za namna nyingi. Ziko za masomo, kama ile ya hesabu au ya sayansi. Iko ya mdahalo, ambayo wanachama wake hushindana kwa hoja. Ziko za michezo, nyimbo na ngoma, nazo hupata nafasi ya kushindana katika UMISSETA, yaani Umoja wa Michezo na Sanaa Shule za Sekondari Tanzania. Wako skauti, ambao asili yao ni kambi aliyoifanya Baden-Powell huko Uingereza mwaka 1907. Ziko na zile za kuhifadhi viumbe na nchi. Kenya walianza vyama vya namna hiyo katika shule za sekondari mwaka 1968; Tanzania klabu za Malihai zilianzishwa mwaka 1980; na mwaka 1991 Jane Goodall, yule bibi aliyechunguza sokwe wa Gombe, alikutana na wanafunzi wachache wa sekondari mjini Dar es Salaam, na katika mazungumzo yao kikazaliwa chama cha Roots & Shoots, ambacho baadaye kilienea katika nchi nyingi za dunia.

Sasa tuyasikilize maneno ya wazazi, maana si maneno ya kupuuzwa. Tangu mwaka 2004 serikali ilipoanza mpango wa kuongeza shule za sekondari katika kata, na hasa tangu Januari 2016 ilipoondoa ada kwa kidato cha kwanza hata cha nne, watoto wengi wa wakulima wameingia sekondari. Wengi hutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni kwa miguu. Mpunga unapotoa masuke, ndege aina ya kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na asipokuwapo mtu wa kuwaamia, jaruba moja laweza kuliwa kabla jua halijatua. Mama aliye peke yake shambani amtazamia mwanawe aje kumpokea. Kisha aambiwa kwamba mtoto amebaki shuleni, yuko katika mdahalo. Mama huyo akiuliza, "Mdahalo utatulisha?" ameuliza swali la haki, nasi yatupasa kumjibu.

Jibu letu ni hili. Darasani mtoto hufundishwa mambo mengi, lakini karibu yote huyafanya kwa ajili yake mwenyewe: asoma mwenyewe, aandika mwenyewe, na alama apata mwenyewe. Klabu ndiyo mahali anapoanza kushika mali na kazi isiyo yake peke yake, naye akaulizwa habari zake. Na maisha ya Ubaruku yote yamesimama juu ya jambo hilo, maana huko hapana mtu alimaye mpunga kwa maji yake peke yake.

Tufikiri habari ya maji. Maji huingia katika mfereji kwa banio, kisha hugawanywa kwa zamu. Aliye juu ya mfereji huyapata kwanza, na aliye chini hungoja. Mvua ikiwa haba, aliye juu akifungulia maji usiku bila zamu, wa chini huamka na kukuta miche imekauka. Ugomvi wa namna hiyo hauamuliwi kwa jembe. Huamuliwa na chama cha wenye mfereji, chenye mwenyekiti awezaye kuendesha mkutano, katibu aliyeandika sawasawa maneno ya mkutano uliopita, na mweka hazina ambaye watu wamwamini. Mahali ambapo watu hao watatu hawajui kazi yao, sheria hubaki kwenye karatasi na mwenye nguvu ndiye mwenye maji. Basi watu hao watajifunza wapi? Wazee wetu husema, samaki mkunje angali mbichi.

Ndiyo maana klabu njema ina madaftari matatu. La kwanza ni la mahudhurio, la pili ni la kumbukumbu za mikutano, na la tatu ni la fedha. Tuseme klabu ya kupanda miti ina wanachama 40, na kila mmoja ametoa kwa hiari yake shilingi 500 kwa muhula. Jumla ni shilingi 20,000. Wamenunua mbegu na mifuko ya kuoteshea miche kwa shilingi 14,500. Basi sandukuni zapasa kuwamo shilingi 5,500. Siku ya mkutano mweka hazina asimama, asoma hesabu, aonyesha stakabadhi, na fedha zahesabiwa mbele ya wote. Zikipatikana 5,000, mtoto wa kidato cha kwanza ana haki ya kuuliza, "Zile 500 ziko wapi?" na hapana awezaye kumwambia nyamaza. Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo, na aliyezoea kujibu hivyo bila kukasirika, atakuwa mtu wa faida katika chama cho chote cha kijiji. Na yule asiye na shilingi 500 asifukuzwe. Na atoe kazi ya mikono badala yake, nayo iandikwe daftarini kama fedha za wenzake.

Mdahalo nao una mafunzo yake. Hoja hutolewa, na wasemaji hupangwa pande mbili kwa kura, hata mtu huweza kulazimika kutetea neno asiloliamini. Tuseme hoja ni hii: maji ya mfereji yagawanywe kwa saa sawa kwa kila mkulima, wala si kwa ukubwa wa shamba. Mtoto wa mwenye shamba kubwa aweza kuangukia upande wa kutetea saa sawa. Hapo hana budi kutafuta sababu za jirani yake mwenye jaruba moja, na kuzisema vizuri kuliko jirani mwenyewe. Tena, kwa kuwa masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na watoto wengi walifundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, mdahalo wa Kiingereza huwapa nafasi ya kuzoea kukisema bila hofu ya alama. Kwa hiyo mzazi anayeogopa kwamba klabu yaiba muda wa mtihani, ajue kwamba klabu iliyo sawa huusaidia mtihani wenyewe.

Pengine msomaji atadhani kwamba twavikuza mno vyama vya watoto. Basi na tukumbuke jambo moja la historia. Mwaka 1943 Julius Nyerere alikwenda kusoma Makerere, Uganda. Wanafunzi kutoka Tanganyika walikuwa wachache huko. Yeye pamoja na Hamza Mwapachu na Andrew Tibandebage wakaunda chama kidogo cha kusaidiana, wakakiita Tanganyika African Welfare Association. Hakikuwa na mali wala jina kubwa. Baadaye wakaona heri kukiacha, na mahali pake wakafungua tawi la TAA, kile chama cha Waafrika wa Tanganyika. Mwaka 1953 Nyerere akachaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU, kilichoiongoza nchi hata uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Hatusemi kwamba kila klabu ya shule itazaa chama cha taifa. Twasema tu kwamba wale walioendesha mikutano ya nchi walikuwa wamekwisha kuendesha mikutano ya watu wachache. Naye Nyerere mwenyewe, alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shule yao, wasiwe watu wa kuamriwa tu.

Kazi ambazo klabu ya Ubaruku yaweza kufanya hazitafutwi mbali. Mto Ruaha Mkuu hupata maji yake katika mito ya Usangu, hupita bonde la Ihefu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hujaza bwawa la Mtera, na mwisho huungana na mto Rufiji. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika katika hifadhi wakati wa kiangazi, jambo ambalo zamani halikuwa desturi yake. Sababu zake zimebishaniwa sana: kilimo cha umwagiliaji, mifugo mingi, na ukataji wa miti kwenye vyanzo. Klabu ya Malihai haiwezi kuuponya mto. Lakini yaweza kupima kina cha maji ya mfereji kila Jumatano na kuandika, yaweza kuotesha miche na kuhesabu ilioishi baada ya mwaka mmoja, nayo yaweza kuwasomea wazee hesabu hizo katika mkutano wa kijiji. Watu wakigombana juu ya maji, mwenye hesabu zilizoandikwa husikilizwa.

Lakini tusifiche makosa, maana klabu mbaya ni mbaya kuliko kutokuwa na klabu. Ziko klabu zilizo majina tu, zimeandikwa ubaoni kwa ajili ya mkaguzi. Ziko ambazo mwalimu ndiye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na wanafunzi kazi yao ni kupiga makofi. Shule moja tuliyoijua, isiyo ya Ubaruku, wanafunzi walichanga fedha za safari, fedha zikawekwa pasipo daftari, na safari haikufanyika. Hapana aliyeeleza zilikokwenda. Mwaka uliofuata hakuna mtoto aliyechanga hata senti, na twawasifu kwa hilo. Tena iko desturi ya kumchagua msichana kuwa katibu kwa sababu mwandiko wake ni mzuri, au kumpa kazi ya kufagia ukumbi, na kiti cha mwenyekiti kikawa cha mvulana siku zote. Desturi hiyo hutupotezea nusu ya viongozi wetu kabla hawajajaribiwa.

Sasa tutoe shauri, kwanza kwa walimu. Chagueni siku moja ya juma, na saa moja tu. Masomo yakiisha saa tisa, klabu iishe saa kumi na robo, ili wa mbali wafike kwao jua lingaliko, na wasichana waende kwa makundi wala si mmoja mmoja. Wakati wa kuamia ndege na wakati wa mavuno klabu ipumzike, au ikutane mara moja kwa mwezi. Waiteni wazazi mara moja kila muhula, wasikie mdahalo na wasomewe hesabu.

Kwenu wanafunzi twasema, jiungeni na klabu moja, au mbili kwa wingi. Mtu wa klabu tano hafanyi kazi katika hata moja. Tena msiitumie klabu kukimbia kazi ya nyumbani. Ukimwambia mama, "Jumatano nitachelewa, lakini Alhamisi nitakwenda shambani moja kwa moja," basi Alhamisi uende. Ahadi hiyo ni sehemu ya mafunzo ya klabu, ijapokuwa haimo katika daftari lake.

Nanyi wazazi wa Ubaruku na wa vijiji vingine, msikatae klabu kwa jina lake, wala msiikubali kwa jina lake. Mtoto akirudi, mwulizeni walizungumza nini na nani aliongoza mkutano. Muhula ukiisha, nendeni shuleni mkaombe kuyaona yale madaftari matatu. Yakiwapo, nayo yameandikwa kwa mikono ya watoto wenyewe, basi mpeni mwanenu ile saa moja, hata kama ndege wako shambani, na mpatane na jirani wa kuamia zamu yenu, kama mpatanavyo kwa maji. Yasipokuwapo, mwulizeni mlezi sababu, kwa adabu, mkangoje jibu.