Wazimamoto wa Chicago: Kuchelewa Kunamgharimu Nani? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Machi 1980, mgomo wa siku 23 wa wazimamoto wa Chicago ulipofikia ukomo. Meya Jane Byrne, aliyewaahidi mkataba wa maandishi katika kampeni zake za mwaka 1979 baada ya miaka mingi ya makubaliano ya kupeana mkono tu, alijikuta akiendesha jiji lenye vituo vya zimamoto visivyo na watu, huku rais wa chama chao, Frank Muscare, akiwa jela kwa kudharau amri ya mahakama. Wazimamoto walipata mkataba wao. Wabunge wa jimbo la Illinois nao walipata hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyozaa sheria inayotawala mazungumzo haya hadi leo. Katikati ya miaka ya 1980 walikubali kwamba polisi na wazimamoto wana haki ya kujadiliana na mwajiri juu ya mishahara na masharti ya kazi, lakini wakawanyima haki ya kugoma. Badala ya mgomo waliwapa mwamuzi. Pande mbili zikishindwa kuelewana, shauri hupelekwa mbele ya jopo la watu watatu, ambalo uamuzi wake una nguvu ya kisheria. Hoja yangu katika sehemu hii ni kwamba badiliko hilo lilikuwa la haki kwa nia, lakini lilisahau jambo moja kubwa: mgomo una saa yake, mwamuzi hana.

Sheria yenyewe imetungwa kwa uangalifu, na asiyeijua huidhania ni mchezo wa kugawana tofauti nusu kwa nusu. Sivyo. Katika mambo ya fedha kila upande huweka mezani pendekezo lake la mwisho, na jopo hulazimika kuchagua moja kati ya hayo mawili bila kutunga la tatu. Anayedai kupita kiasi anajiweka katika hatari ya kupoteza yote, na kwa hiyo pande zote husukumwa kuelekea katikati kabla hazijafika kwa mwamuzi. Jopo linatakiwa kupima uwezo wa kifedha wa serikali husika, maslahi ya umma, mishahara ya miji inayolingana na gharama za maisha. Na wakati shauri linaendelea, masharti ya zamani hayaguswi: mshahara unabaki ulivyokuwa, na taratibu za kazi vilevile. Naomba msomaji alishike sharti hili la mwisho, maana humo ndimo ugonjwa ulimojificha.

Mkataba wa hali bora kati ya jiji na chama cha wazimamoto, Local 2, ulimalizika tarehe 30 Juni 2021. Meya wakati huo alikuwa Lori Lightfoot. Mei 2023 alimpisha Brandon Johnson, mtu aliyetoka katika chama cha walimu na ambaye wengi walimtarajia awe mwepesi kwa wafanyakazi. Hadi katikati ya mwaka 2025, miaka minne baadaye, wazimamoto walikuwa bado wanapanda magari yao kwa viwango vya mishahara vya 2021. Polisi wa jiji hilohilo, ambao nao hawaruhusiwi kugoma, mkataba wao uliisha Juni 2017 na mwingine ukapatikana Septemba 2021. Walimu, ambao sheria inawaruhusu kugoma na waliwahi kufanya hivyo mwaka 2012 na 2019, mkataba wao uliisha Juni 2024 na mpya ukapitishwa Aprili 2025, bila mgomo. Nakiri kwamba walimu wameajiriwa na bodi ya shule, yenye mfuko wake, na mifano mitatu haitoshi kutunga kanuni. Hata hivyo mwelekeo unaonekana. Anayeweza kugoma alingoja chini ya mwaka, wasioweza walingoja minne.

Mtu angedhani kwamba katika hali hii chama ndicho kinachoumia peke yake na jiji ndilo linalofaidi. Mambo yangekuwa mepesi hivyo, yangekuwa yamekwisha zamani. Kiini cha ugomvi hakikuwa dola. Kilikuwa ikama, yaani idadi ya watu ndani ya gari moja linapotoka kituoni. Mkataba wa zamani ulitaka watu watano katika kila gari la maji na kila gari la ngazi, na uliruhusu magari 35 tu kwa siku kutoka na wanne. Jiji limekuwa likitamani kulegeza sharti hilo tangu enzi ya Meya Rahm Emanuel, na halikufaulu katika mkataba wa 2014. Sasa rudi kwenye lile sharti la kisheria. Mazungumzo yakirefuka, mshahara wa zamani unabaki, na ikama ya zamani inabaki pia. Jiji linaahirisha malipo, chama kinalinda watu watano. Kila upande una sababu ya kustahimili, na kila kiongozi anaweza kuwaambia watu wake kwamba hajasalimu amri.

Je, watu watano ni hitaji au ni njia ya kulinda ajira? Wachumi wa jiji husema ni ajira, na hoja yao si ya kubeza. Nchini Marekani moto ni takriban asilimia 4 tu ya wito unaopokelewa na idara za zimamoto, na karibu theluthi mbili ya wito wote ni wa wagonjwa na majeruhi. Kwa nini basi gari lijazwe watu kana kwamba kila wito ni ghorofa inayowaka? Jibu bora lipo katika majaribio ya taasisi ya serikali ya vipimo na viwango, NIST, yaliyochapishwa mwaka 2010. Timu za watu wanne zilimaliza kazi zote za kuzima moto wa nyumba ya kawaida kwa muda pungufu kwa asilimia 25 kuliko timu za watatu, na asilimia 30 kuliko timu za wawili. Majaribio mengine ya mwaka 2013, katika jengo refu, yaliwaonyesha watano na sita wakiwahi kuliko watatu na wanne. Ukisoma kwa haki, ushahidi huu unatetea wanne kwa nguvu sana, na watano kwa nguvu zaidi pale penye maghorofa. Chicago ina maghorofa mengi, lakini ina pia mitaa mirefu ya nyumba za kawaida. Kwa hiyo palikuwa na nafasi ya kuelewana: watano katikati ya jiji, pengine wanne kwingine, na fedha itakayookolewa iingie kwenye magari ya wagonjwa, ambayo chama kilitaka yaongezwe kutoka 80 hadi 100. Mwamuzi mwenye tarehe ya mwisho angeweza kuwasukuma huko. Asiye na tarehe anawaacha wakae.

Anayelipa basi ni nani? Kwanza ni mgonjwa anayesubiri gari, kwa kuwa idadi ya magari ya wagonjwa imefungwa ndani ya ugomvi uleule wa ikama. Pili ni mzimamoto anayestaafu katikati ya subira, ambaye pensheni yake hukokotolewa kwa wastani wa mshahara wa miaka kadhaa ya mwishoni mwa kazi yake, nao ni wa viwango vya zamani. Hapa hujibiwa kwamba dawa ya deni ni kulipa: mwamuzi anaweza kuagiza nyongeza ianze tangu mkataba ulipoisha, malimbikizo yalipwe, na hakuna aliyepoteza. Jibu hili lingekuwa kamili kama fedha ya 2021 na ya 2025 zingenunua kitu kilekile. Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 kwa mwaka. Malimbikizo yasiyo na riba ni mkopo ambao mfanyakazi amempa mwajiri wake bila kuombwa. Nao mkopo huo haumnufaishi hata mlipa kodi, kwa sababu siku ya kulipa hufika kwa mkupuo, katika bajeti ya mwaka mmoja, na mara nyingi mezani mwa meya ambaye hakuukopa.

Pingamizi zito zaidi linatoka California. Jiji la Vallejo lilitangaza kufilisika Mei 2008, wakati mishahara ya polisi na wazimamoto ilikuwa ikimeza sehemu kubwa ya mapato yake ya kawaida. Katiba ya jiji hilo ilikuwa na uamuzi wa lazima wa aina hii, na mwaka 2010 wapiga kura waliufuta. Wapo wanaohitimisha kwamba mwamuzi asiyechaguliwa na mtu hafai kugusa hazina ya watu. Sidhani Vallejo inathibitisha kiasi hicho. Jiji lilianguka wakati bei za nyumba, na kodi zake, zilipoporomoka jimbo zima. Isitoshe, Illinois si Vallejo. Katika Illinois uwezo wa kulipa ni kigezo kilichoandikwa katika sheria, na baraza linaweza kuukataa uamuzi kwa sehemu tatu kati ya tano za kura na kuurudisha kwa jopo, kama madiwani wa Chicago walivyofanya Desemba 2023 katika shauri la nidhamu ya polisi. Udhibiti wa wawakilishi upo. Kinachokosekana ni muda.

Ningependekeza marekebisho mawili tu. Malimbikizo yabebe riba kuanzia siku mkataba unapoisha, ili kuahirisha kuache kuwa faida kwa jiji. Na masharti ya zamani ya ikama yalindwe kwa kipindi maalumu, tuseme miezi kumi na minane, kisha suala hilo lipelekwe kwa mwamuzi peke yake hata kama mishahara haijaafikiwa, ili kuahirisha kuache kuwa faida kwa chama. Nitaambiwa kwamba haraka huzaa uamuzi mbovu. Miezi kumi na minane si haraka. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004, ambayo nayo inaweka zimamoto katika orodha ya huduma muhimu, humpa msuluhishi siku 30 kumaliza usuluhishi wa mgogoro, isipokuwa pande zote zikikubali kuongeza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 nayo imewaweka wazimamoto katika orodha kama hiyo. Askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania wana utaratibu wao na sitaki kuwalinganisha na Local 2, ila kanuni ya kumpa msuluhishi au mwamuzi muda uliohesabiwa inafaa popote mtu anapozuiwa kugoma.

Wiki ijayo nitageukia mfuko wa pensheni wa wazimamoto wa Chicago, ambao kwa miaka mingi umekuwa na upungufu mkubwa, na jinsi kila asilimia ya nyongeza inayojadiliwa mezani inavyouongezea mfuko huo deni.