Mashua Ndogo au Kubwa?

Mjomba wangu huvua Ziwa Naivasha na wanawe wawili. Anataka mashua ya alumini, chini bapa. Ya mita 3.5 kwa 1 ni nyepesi na rahisi. Ya mita 4.5 kwa 1.4 ni ghali. Anunue ipi?

Tupige hesabu ya fizikia. Ikizama sentimita 10, ndogo hubeba kama kilo 350 pamoja na uzito wake; kubwa, 630. Tena upana huzuia kupinduka mtu akisimama kuvuta wavu. Lakini chini bapa haikati mawimbi, basi upepo wa alasiri ukianza, hata kubwa irudi ufuoni.

Nilimwambia, “Mjomba, ngoja uongeze pesa.” Tahadhari kabla ya hatari!